Mstari Mnyoofu wa Siku Tisa

Barua ya kumfungia mkunga ilikuwa tayari. Ilikaa mezani kwa Mhariri Mkuu, imekunjwa mara moja, na kalamu imelazwa juu yake.

"Isome, Bi Tanbihi, halafu utie sahihi chini ya yangu," alisema. "Ni sentensi nne tu."

Bi Tanbihi hakuigusa. Alivuta kiti, akakaa, akaweka mkoba wake magotini. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Ishirini na saba kati ya hiyo aliitumikia polisi, kitengo cha hati za kughushi, na alipostaafu jarida lilimwajiri achunguze kila muswada kabla haujapelekwa kiwanda cha uchapaji. Jina la Tanbihi alibandikwa na makarani, kwa sababu kila karatasi aliyopewa aliianzia chini, kwenye yale maandishi madogo ambayo watu wengine huyaruka.

"Nieleze kesi kwanza," alisema. "Sahihi haikimbii."

Mhariri Mkuu alieleza. Miezi mitano iliyopita Profesa, mjumbe wa bodi yao wenyewe, alileta makala kuhusu watoto wachanga wanaopoteza joto dakika chache baada ya kuzaliwa. Wahakiki wawili waliisoma, wakaimwagia sifa, na ikapangwa iwe ya kwanza katika toleo la Ijumaa. Wiki iliyopita mkunga wa hospitali moja ya wilaya alileta muswada wake. Programu ya kulinganisha maandishi iliusoma na kutoa alama nyekundu kila mahali. Asilimia sitini na nne ya maneno, na majedwali matatu kati ya manne, yalifanana na ya Profesa.

"Amenakili," alisema Mhariri Mkuu. "Hapa hakuna fumbo."

"Amenakili kutoka wapi?"

"Kwenye makala ya Profesa."

"Ambayo imetoka lini?"

Mhariri Mkuu aliitazama kalenda ya mezani. "Inatoka Ijumaa," alisema.

"Leo Jumanne. Basi mkunga wa wilayani ameiba kitu ambacho bado kimo ndani ya kabati letu. Nani wamekwisha kuiona?"

"Mimi. Wahakiki wawili. Mpangaji kurasa. Na wewe."

"Na mimi," alikubali. Aliikumbuka. Programu ilikuwa imetoa asilimia tatu tu, naye akaipitisha kwa mkono wake mwenyewe.

Mhariri Mkuu alisogea mbele. "Kuna mlango wa pili. Mkunga ameandika shukrani mwishoni mwa muswada wake. Anamshukuru Mhadhiri mmoja. Huyo Mhadhiri yuko idara moja na Profesa, ofisi zao zinatazamana. Kijana alimchungulia mkubwa wake, akampelekea mkunga. Ndivyo ninavyoona."

"Inawezekana," alisema Bi Tanbihi. Alichukua miswada yote miwili na kuacha barua pale pale. "Nipe mpaka Alhamisi jioni."

"Kiwanda kinawasha mtambo Ijumaa saa nne asubuhi."

"Ndiyo maana sikuomba Jumamosi."

Alifanya kazi kwenye chumba chake cha dirisha moja, miswada ikiwa ubavu kwa ubavu. Maneno hakuyashughulikia sana. Maneno hubadilishwa nguo kwa urahisi. Alitafuta namba.

Profesa aliandika kwamba alipima joto la watoto 412. Mkunga aliandika watoto 395. Pungufu ya kumi na saba. Mwizi wa kawaida, Bi Tanbihi alijua, hupandisha namba au huiacha ilivyo. Hana sababu ya kuipunguza.

Kisha akaja kwenye grafu. Mstari wa Profesa ulipanda na kushuka siku hadi siku, kama mistari yote ya vitu vilivyopimwa kweli. Mahali pamoja tu, katika mwezi wa tano wa utafiti, mstari ulilala. Kwa siku tisa mfululizo ulikwenda mnyoofu kama umepigwa kwa rula, kwenye nyuzi thelathini na sita nukta moja. Kwenye grafu ya mkunga, siku hizo hizo tisa zilikuwa pengo tupu, na chini ya ukurasa kulikuwa na tanbihi ya mstari mmoja: *Vipimo vya siku tisa vimeondolewa kwa hitilafu ya kifaa.*

Aliisoma mara mbili. Akafunga miswada, akapiga simu hospitalini na kuomba miadi ya kesho yake asubuhi.

Mkunga alimpokea kwenye stoo ya shuka, kwa sababu ndipo mahali pekee penye viti viwili na mlango unaofungika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mikono yake imepauka kwa kunawa mara kwa mara. Alikaa wima.

"Mama, kama umekuja kuniambia nimeiba, niambie moja kwa moja," alisema. "Nina wazazi wawili leba na mmoja yuko karibu."

"Nimekuja kuuliza, sista. Ulifikaje kwenye habari ya mizani na joto la mtoto?"

Swali hilo lilimlegeza mabega. "Mtoto anazaliwa, bado amelowa, anabebwa kwenda kupimwa uzito. Mizani yetu ilikuwa mlangoni. Mlango wenyewe unafunguliwa kila dakika, anaingia huyu, anatoka yule. Watoto walikuwa wanafika wodini wamepoa, wengine midomo imeshageuka rangi. Tukaanza kupima. Miezi saba mizani ikiwa mlangoni, miezi saba tukiwa tumeihamishia ukutani, mbali na mlango. Mlangoni, katika kila watoto mia, thelathini na mmoja walikuwa wamepoa. Ukutani, kumi na wawili."

"Kwa kuhamisha mizani tu."

"Na kumfuta mtoto kwanza. Basi."

"Nionyeshe mlikoandika."

Mkunga alisimama, akaingiza mkono nyuma ya rundo la shuka na kutoa boksi la glavu. Ndani mlikuwa na madaftari manane ya mistari, kingo zimechakaa. Bi Tanbihi alibadilisha miwani. Wino wa rangi tatu, miandiko ya watu wanne au watano, tarehe, saa, uzito, joto. Hapa na pale doa la dawa. Aliwahi kuona daftari la kughushi lililoandikwa mwaka mzima kwa kalamu moja na mkao mmoja. Haya yalikuwa madaftari ya watu waliochoka na kuendelea.

Alifungua mwezi wa tano. Thelathini na sita nukta moja. Thelathini na sita nukta moja. Akateremsha kidole ukurasa mzima, akafunua, akateremsha tena. Watoto kumi na saba, joto moja.

"Hiki ndicho kifaa kibovu?"

"Ndicho. Kipimajoto kiliganda. Ungekipimia hata ukuta kingekwambia hivyo hivyo. Siku ya kumi mtu akakiangusha, fundi wa vifaa akakichukua, akasema kilishakufa zamani. Hati yake hii hapa." Alitoa karatasi ya manjano iliyobanwa kwenye jalada. Ilikuwa na muhuri, tarehe na sahihi ya fundi.

"Na wewe uligundua lini kwamba siku hizo zimeharibu hesabu?"

Mkunga alitazama chini. "Nilichelewa. Mara ya kwanza nilipoandika niliziingiza zote. Watoto mia nne na kumi na wawili."

Bi Tanbihi aliinua macho. "Mara ya kwanza?"

"Kabla yenu nilipeleka jarida jingine. Miaka miwili sasa. Walinikatalia." Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. "Nikaifungia faili, nikasema mimi si mtu wa majarida. Dada yangu mkubwa, yule ni mwalimu, akanikalia kooni. Kila akinipigia simu, hanisalimii, ananiuliza makala iko wapi. Mwaka uliofuata nikaifungua, nikahesabu upya kila kitu toka mwanzo, ndipo nikaziona zile siku. Nikaziondoa. Halafu nikamtafuta Mhadhiri anisaidie lugha."

"Mhadhiri alipata ile ya kwanza?"

"Hapana, mama. Ile niliifuta nilipokwisha kuisahihisha. Alipata hii ya sasa."

"Ile barua ya kukataliwa, nayo uliifuta?"

Mkunga alitoa simu mfukoni, akatafuta kwa muda, akamkabidhi. Mhakiki wa kwanza alikuwa ameandika kwamba kazi ni nzuri, inahitaji kunyooshwa. Mhakiki wa pili aliandika aya moja. Kwamba mizani haina uhusiano wowote na joto la mtoto. Kwamba haya ni mazungumzo ya wodini, si sayansi. Kwamba mwandishi ashauriwe kubaki na kazi yake.

Kutoka leba ikasikika sauti ikiita sista. Mkunga alinyanyuka.

"Nenda," alisema Bi Tanbihi. "Nitapiga picha kurasa hizi hapa hapa, mbele ya msimamizi wako. Madaftari yasitoke hospitalini, hata nikija kuyaomba mimi."

Mhadhiri alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limekunjwa mikono, na alipoona kitambulisho cha jarida alikohoa kabla ya salamu. Mlango wa Profesa, ng'ambo ya ushoroba, ulikuwa umefungwa.

"Nani alikuonyesha makala ya Profesa kuhusu watoto wachanga?" Bi Tanbihi aliuliza.

"Makala gani?"

"Ya joto la mwili."

"Profesa ameandika kuhusu joto la mwili?" Alicheka kidogo, akaona mgeni hacheki. "Profesa ni mtu wa lishe. Samahani, sielewi."

"Uliwahi kumwonyesha muswada wa mkunga?"

"Hapana. Aliniomba nisimwonyeshe mtu. Alishaumia mara moja." Alivuta droo, akatoa nakala iliyochapishwa, pembeni imejaa maandishi ya penseli. "Hii ndiyo niliyokuwa nayo. Nilimrudishia maoni kwa barua pepe, tarehe iko hapo juu."

Bi Tanbihi hakusoma maoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye jedwali la kwanza. Watoto 395. Akafunua grafu. Pengo la siku tisa lilikuwa mahali pake.

Alimrudishia nakala. Kama Profesa angekuwa amekopi kwa Mhadhiri, angekopi pengo. Yeye alikuwa na siku tisa zenyewe, na siku hizo zilikuwa kwenye muswada mmoja tu duniani, ule wa kwanza.

"Hiyo nakala itunze," alisema. "Umemfaa mtu kuliko unavyojua."

Saa tisa alasiri alikuwa kwenye simu na mhariri wa lile jarida jingine, mtu wa sauti ya taratibu aliyepima kila neno.

"Majina ya wahakiki ni siri, bibi. Wewe unafanya kazi hii, unajua."

"Najua. Siri ile imewekwa ili mhakiki aseme kweli bila kuogopa mtu. Haikuwekwa ili abebe mali ya mwandishi nyumbani."

"Una ushahidi au una hasira?"

"Nina grafu mbili, madaftari manane na hati ya fundi. Nitakutumia sasa hivi. Ukiona sina kesi, usinijibu."

"Nataka barua rasmi ya Mhariri wenu Mkuu," ilisema ile sauti. "Yenye muhuri. Na kamati yangu iipitishe. Sitaruka hatua hata moja."

"Usiruke," alisema Bi Tanbihi. "Aliyeruka hatua anatosha mmoja."

Mhariri Mkuu aliiandika barua hiyo akiwa amesimama. Alipomaliza, aliichukua ile nyingine, ya sentensi nne, akaipasua mara mbili na kuitupa.

Jibu liliingia Alhamisi saa sita na robo. Lilikuwa na aya mbili na kiambatisho kimoja. Saa nane mchana Profesa aliitwa kwenye chumba cha bodi.

Alikuja na tabasamu, suti ya kijivu, akampa kila mtu mkono. "Nasikia kuna mtu amedokoa kazi yangu," alisema akikaa. "Nawashukuru kwa kuwa macho."

"Maswali machache tu, Profesa, ya kukamilisha faili," alisema Bi Tanbihi. "Vipimo vilifanywa wapi?"

"Kituo kimoja binafsi. Nimekieleza kwenye makala."

"Mlitumia vipimajoto vingapi?"

"Vitatu. Vipya kabisa."

"Kulitokea hitilafu yoyote?"

"Hakuna. Nilivikagua mwenyewe kila wiki."

"Madaftari ya vipimo yako wapi?"

"Yalihifadhiwa kwenye kompyuta iliyokuja kuharibika. Mambo haya hutokea."

Bi Tanbihi aliandika kila jibu kwa mkono wake, akamsomea, akamwuliza kama ameandika sawasawa. Profesa akakubali, bado anatabasamu. Ndipo Bi Tanbihi akatoa grafu ya Profesa, akaiweka katikati ya meza na kugusa mahali pamoja kwa ncha ya penseli.

"Nieleze siku hizi tisa."

Profesa aliinama. "Ni kipindi cha utulivu."

"Watoto kumi na saba, mama kumi na saba, mchana na usiku, na wote wana nyuzi thelathini na sita nukta moja. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua."

"Bahati inaweza..."

Bi Tanbihi aliweka kando yake picha ya daftari. Kisha hati ya manjano ya fundi. Hakuharakisha, aliziweka moja moja na kuzinyoosha pembe.

"Hiki ni kipimajoto cha hospitali ya wilaya," alisema. "Kiliganda siku hizi tisa. Fundi ameweka muhuri. Wewe umeniambia sasa hivi, na umekubali nilivyoandika, kwamba vyako havikuharibika hata siku moja. Kifaa kimoja hakiwezi kuharibika hospitali mbili, tarehe zile zile, kwenye namba ile ile."

Tabasamu la Profesa lilikuwa limeshaondoka. Alimgeukia Mhariri Mkuu. Mhariri Mkuu alikuwa anatazama karatasi.

"Mkunga alipeleka muswada wake wa kwanza kwenye jarida jingine," Bi Tanbihi aliendelea. "Ulikuwa mhakiki wa pili. Jina lako limethibitishwa kwa barua leo mchana. Ulimwandikia kwamba haya ni mazungumzo ya wodini. Yeye akarudi, akaliona kosa, akalisahihisha. Wewe hukuliona, kwa sababu hukuwepo."

Profesa aliisukuma grafu mbali naye.

"Nilinyoosha sentensi zake," alisema kwa sauti ndogo. "Ile lugha yake haikuwa ya jarida. Bila mimi isingesomwa na mtu."

"Sentensi ulizinyoosha," alisema Bi Tanbihi. "Watoto hukuwapima."

Alimsogezea karatasi ya kuiondoa makala. Ilimchukua dakika kadhaa, lakini alitia sahihi, na ya pili, ya kujiuzulu kwenye bodi, akaitia bila kuuliza imeandikwa nini. Mambo ya chuo chake yangefuata njia yake. Alipotoka, hakumpa mtu mkono.

Mhariri Mkuu alipiga simu kiwandani kuzitoa kurasa kumi na mbili za mwanzo. Alipoweka simu chini alishika tama.

"Tuichape ya mkunga mahali pake," alisema. "Kesho hii hii. Ni haki yake."

"Haki yake ni kuhakikiwa kama watu wengine," alisema Bi Tanbihi. "Ukiirukisha, kesho watasema alibebwa. Mpe wahakiki wawili safi. Toleo la Ijumaa litatoka jembamba, hakuna atakayekufa."

"Na sisi? Tutazuiaje asitokee mwingine? Programu ilimpitisha."

"Programu inafananisha na kilichochapishwa na kilichomo kabatini mwetu. Kazi iliyoibwa kwingine ikiwa bado changa haina cha kufananishwa nacho. Nami niliipitisha vile vile." Alivuta karatasi. "Kila muswada ukiingia, mwandishi apewe hati ya kupokelewa yenye tarehe na saa, nakala tukae nayo hata tukimkatalia. Mhakiki atie sahihi kwamba hana kazi ya aina hiyo mkononi. Na anayeleta namba atuonyeshe madaftari kabla ya kuchapwa, si baada ya kushitakiwa. Awe mkunga, awe profesa."

"Watalalamika."

"Waliopima watafungua boksi tu."

Mhariri Mkuu aliyaandika yote matatu kwa mkono wake, kisha akapita ukumbini kuyapeleka kwa karani ayachape. Kutoka chumbani Bi Tanbihi alimsikia akisema yaanze na toleo hili, hata kama limebaki jembamba.

Saa kumi na moja kasoro alimpigia mkunga. Simu iliita sana. Ilipopokelewa, nyuma yake kulikuwa na kilio cha mtoto, kikali, cha mapafu mazima.

"Makala ya Profesa imeondolewa," alimwambia. "Yako imekwenda kwa wahakiki, wapya. Huenda wakakutaka urekebishe hapa na pale. Lakini aliyeianza kazi hii ni wewe, na hilo limeandikwa."

Mkunga alisikika akimwambia mtu ashike taulo vizuri, kisha akarudi.

"Mama, naweza bado kuongeza jina?"

"La nani?"

"Kuna mama mmoja anafagia leba. Mimi nilianza kupima, ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeniambia mara ya kwanza kwamba pale mlangoni pana upepo, na kwamba watoto wanaowekwa pale hulia tofauti. Nilikuwa nimepita pale miaka sita na sikuwahi kusikia. Sikumwandika kwa sababu nilifikiri majarida hayakubali mtu wa usafi."

Bi Tanbihi alibadilisha miwani na kuvuta muswada karibu.

"Jarida hili linakubali," alisema. "Mwite aje kwenye simu. Nataka anitajie jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, nisikosee."